Tanga kwa majira manne: mlima lini, bahari lini

Julai moja nilisimama ukingoni mwa Irente, juu ya Lushoto, na watoto wawili waliojitanda kanga za mama yao, nikiwaonyesha kwa kidole uwanda wa Wamasai. Uwanda wenyewe haukuonekana. Mbele yetu kulikuwa na weupe mtupu, kama mtu kamwaga maziwa hadi kwenye mdomo wa jabali. Mdogo akauliza, "Baba, ndiyo hii?" Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Saa mbili na nusu tulishaondoka kuwahi gari. Kijana wa bodaboda aliyetushusha stendi akatuambia kwa upole kwamba tungevumilia mpaka saa tano, ukungu ungefumuka na tungeona Mombo yote chini yetu.

Mahali palikuwa penyewe; saa ndiyo niliyoikosea. Tangu hapo, safari ya Tanga naipanga kwa kuanzia angani. Majira hukuchagulia mwezi, na ukiyasikiliza vizuri hukuchagulia pia siku na saa ya kutoka gesti.

Mwongozo huu ni wako kama una likizo ya siku nne hadi saba, pesa ya kawaida, na hamu ya kuona milima, msitu, mto na bahari bila kuhama mkoa. Kutoka ufukwe wa Raskazone, Tanga mjini, hadi Lushoto ni chini ya kilomita 200 za lami, lakini unatoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400, na kilele cha Magamba kinapita mita 2,200. Mikoa yenye tofauti kubwa hivyo kwa nauli ndogo hivyo ni michache.

Kwa nini uanze na majira

Pwani yetu inaendeshwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, nao ni upepo wa joto. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, nao ndio unaoichafua bahari. Pepo hizi zinapopokezana tunapata mvua: masika kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba. Baada ya masika huja kipupwe, Juni hadi Agosti. Baada ya vuli ni kiangazi, Januari na Februari.

Mpaka hapo ni somo la darasa la nne. Ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba Tanga ina milima iliyosimama kukabili bahari. Upepo wenye unyevu ukiifikia Usambara hulazimika kupanda, hupoa, na kumwaga maji. Usambara Mashariki, upande wa Muheza na Amani, ndiyo inayopigwa kwanza; Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuapa kuwa mkavu huko. Usambara Magharibi, upande wa Lushoto, iko mbali zaidi na bahari na hunyeshewa kidogo kuliko Amani. Nyuma yake, upande wa Mkomazi, ni nyika yenye vumbi.

Kwa hiyo jua la Tanga mjini halikuambii lolote kuhusu Amani, na baridi ya Lushoto haikuambii lolote kuhusu Pangani. Kila unapotaka kwenda, piga simu huko huko.

Kiangazi (Januari na Februari): panda

Mjini jasho halikauki. Nyuzi 32 kivulini ni jambo la kawaida, na usiku feni inazungusha joto lile lile. Huu ndio wakati wa Lushoto. Mchana ni wa jua la kadiri, usiku unataka shuka moja zito, na barabarani kuanzia Soni utakuta ndoo za plamu zimepangwa. Mapeasi hufuata baadaye kidogo. Njia za miguu zimekauka, kwa hiyo huu ni wakati mzuri wa kutembea msitu wa Magamba ukitafuta mbega na kima, au kwenda hadi Mtae, kijiji kilichokaa kwenye mgongo wa mlima huku pande zote mbili zikiporomoka chini.

Kasoro yake ni moja. Mchana uwanda ulio chini ya Irente huwa na utusitusi wa vumbi na joto. Nenda saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala. Kutoka pale jabali linashuka karibu mita elfu moja hadi kwenye mashamba ya mkonge. Shika mikono ya watoto, kwa kuwa ukingo hauna uzio wa kutegemea.

Bahari ya kiangazi inaogeleka vizuri asubuhi. Kuanzia saa tano jua linachoma, hasa watoto.

Masika (Machi hadi Mei): kaa kwenye lami

Kama una hiari, usije Aprili. Udongo wa Usambara ukishiba maji huporomoka, na barabara ya Mombo hadi Lushoto imewahi kufungwa na maporomoko zaidi ya mara moja. Njia ya vumbi ya kupanda Amani inageuka sabuni. Baadhi ya loji za ufukweni hufunga kabisa Aprili na Mei ili kufanya ukarabati.

Lakini Pasaka huangukia humo humo, na mwajiri wako huenda hakupi siku nyingine. Basi weka kambi Tanga mjini na usitoke kwenye lami: baiskeli barabara za Raskazone, juisi ya miwa jioni, magofu ya Tongoni asubuhi isiyo na mawingu. Bei za vyumba huteremka, na mwenye gesti ana muda wa mazungumzo. Ukilazimika kupanda Lushoto, utafidiwa na maporomoko ya maji ya Soni, ambayo wakati huu yananguruma hadi kwenye kituo cha basi.

*Onyo:* maji yakipita juu ya barabara, gari lisivuke, hata dereva akisema anaijua. Shukeni, msubiri.

Kipupwe (Juni hadi Agosti): shuka, au panda na sweta

Hapa mambo yanageuka. Pwani inakuwa na hewa ya kutamanisha, usiku unalala bila feni, na Muheza machungwa yamelundikwa kando ya barabara hadi unaona haya kununua matano. Ni wakati wa kukaa Tanga mjini na kuzunguka.

Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji. Ni mwamba wa chokaa uliotobolewa na maji, wenye popo, giza totoro na sehemu za kupita kwa kuinama. Usiingie bila mwongozaji, na usimtegemee yeye kwa mwanga. Beba tochi yako. Wenye magoti mabovu wapumzike nje, hakuna aibu.

Tongoni iko kusini, kwenye njia ya Pangani. Kuna msikiti wa kale uliobomoka na makaburi yapata 40, mengine yana nguzo. Mafungu yaliyo baharini karibu na hapo ndipo watu wa Vasco da Gama walipoichoma meli yao São Rafael mwezi Januari 1499, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli zote. Mlinzi wa magofu atakupa mengine.

Amani nayo hupata unafuu wa mvua kipindi hiki. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea hapo mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka kila pembe ya dunia bado imesimama katikati ya msitu wa asili. Hata lile ua la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya, Saintpaulia, asili yake ni milima hii. Mtawala wa Kijerumani ambaye ua hilo lilipewa jina lake, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao miaka ya 1890. Magari ya abiria kutoka Muheza ni machache, mengi hupanda mchana na kushuka alfajiri. Ukienda bila kulala utarudi umeona njia tu.

Bahari? Kusi iko kazini. Mawimbi ni makubwa, maji yana tope, na nahodha mwenye busara huahirisha. Usimlazimishe.

Na Lushoto ya Julai ni baridi kweli, usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10. Wapo wanaoipenda hivyo, kwa moto wa kuni na chai ya tangawizi, nami nimekuwa mmoja wao. Sharti ni moja: Irente usiende asubuhi. Tumia asubuhi sokoni au mezani kwa mkate na jibini vinavyotengenezwa shambani Irente, kisha ufike kwenye jabali kati ya saa sita na saa kumi.

Vuli (Oktoba hadi Desemba): mwanzo wake ni dhahabu, mwisho wake ni msongamano

Kama ningeambiwa nichague wiki moja tu ya mwaka mzima, ningechukua ya mwisho ya Septemba au ya kwanza ya Oktoba. Kusi imechoka, kaskazi haijafika, na bahari hulala kama sahani. Wavuvi wa pwani huuita wakati huo maleleji. Maji yanaonyesha matumbawe, mlima haujalowa, na wanafunzi wako darasani, kwa hiyo vyumba vipo.

Huo ndio wakati wa Pangani. Mji uko mdomoni mwa mto uliotoka Kilimanjaro na Meru, kilomita 50 hivi kutoka Tanga. Jioni moja itembee mitaa yake ya zamani yenye milango ya nakshi, na kumbuka kwamba ni hapa Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim mwezi Desemba 1889 baada ya kuwapinga pwani nzima. Kesho yake panda boti kuelekea mtoni kupitia minazi na mikoko. Ng'ambo ya mto kuna Ushongo, ufukwe mrefu mweupe. Na baharini kuna fungu la Maziwe.

Novemba mvua ya vuli hukolea, ila huja kwa vipindi: asubuhi jua, alasiri mvua ya saa mbili, jioni anga limeoshwa. Ndiyo maana picha nzuri kuliko zote za uwanda wa Irente hupigwa Novemba, saa moja baada ya mvua.

Desemba ni habari nyingine. Kuanzia tarehe 18 hadi mkesha wa Krismasi barabara ya kaskazini inabeba Wachagga wanaorudi nyumbani, na basi la kwenda Lushoto linapita njia hiyo hiyo hadi Mombo. Tiketi hukatwa wiki tatu kabla. Ukichelewa utasafiri umesimama, au utalipa bei ambayo haikuandikwa popote.

KISANDUKU: Namna ya kuchagua siku ya Maziwe kwa kutazama mwezi

Maziwe ni fungu la mchanga lililo mbele ya Pangani, na ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani lilikuwa na miti. Bahari ikala ukingo hadi mti wa mwisho ukaanguka. Leo hutokeza maji yakipwa na huzama yakijaa. Kwa hiyo siku ya kwenda inapangwa na mwezi, hata mwenye boti hana la kusema.

1. Tafuta tarehe ya mwezi mwandamo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana.
2. Siku za bamvua, pwani hii maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi.
3. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50. Siku ya kwanza saa nne, ya pili karibu saa tano kasoro dakika kumi, ya tatu karibu saa sita kasoro dakika ishirini.
4. Chagua siku ambayo maji yanakupwa kati ya saa nne na saa sita. Kwa kalenda ya Kiislamu ni karibu na tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17.
5. Ondoka ufukweni saa mbili kabla ya kupwa. Anza kurudi mara maji yanapogeuka kuja.
6. Tarehe 7 au 8 na 22 au 23 ni maji mafu. Hayapwi vya kutosha. Siku hizo nenda mtoni.

Mpigie nahodha umtajie hesabu yako. Akiipinga, mfuate yeye. Anaijua bahari yake. Ila asiyeweza kukueleza maji yanakupwa saa ngapi, mtafute mwingine.

Kwenye fungu hakuna kivuli, choo wala maji ya kunywa. Beba lita mbili kila mtu, mwavuli na shati la mikono mirefu. Viatu vya plastiki ni lazima kwa ajili ya matumbawe na miiba ya shokwe.

Hatua za kupanga

Hatua ya 1. Andika tarehe usizoweza kuzibadili. Likizo ya kazini, shule za watoto, sikukuu. Kisha zitie kwenye majira hapo juu na ujiulize: hizi ni tarehe za mlima, za mji au za bahari? Ukishapata jibu, futa kimoja katika vile ulivyotamani. Kufuta huku ndiko kupanga kwenyewe.

Hatua ya 2. Chagua kambi. Siku nne ni kambi moja. Siku sita au saba ni kambi mbili. Kambi tatu ni za wanaopenda kufunga mabegi.

Hatua ya 3. Anza na mlima, malizia bahari. Sababu ni ya usafiri. Mabasi ya kutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam huondoka asubuhi mapema, na mvua ikifunga njia unakwama. Tanga mjini magari ni mengi mchana kutwa. Ukiwa na dharura ya siku ya mwisho, ni bora ikukute Tanga. Isipokuwa jambo moja: tarehe za bamvua zikiangukia mwanzo wa likizo, anza baharini.

Hatua ya 4. Piga hesabu kwa mafungu. Chukua karatasi, andika mafungu haya matano na uweke makisio yako mbele ya kila moja:

- nauli za kwenda na kurudi, kwa kila kichwa;
- malazi, kwa chumba na kwa usiku;
- chakula;
- usafiri wa ndani: bodaboda, bajaji, Noah, boti;
- viingilio na malipo ya waongozaji.

Jumlisha, kisha ongeza sehemu moja ya kumi kwa yasiyotarajiwa. Fungu linalowapasua watu vichwa ni la nne. Nauli ya basi utaisikia mapema, ila kukodi gari kwenda Mtae na kurudi, au boti nzima ya kwenda Maziwe, kunaweza kuzidi nauli zote za familia. Boti hulipiwa kwa boti, si kwa mtu, kwa hiyo safiri na familia ya pili mgawane.

Hatua ya 5. Piga simu gesti na uulize maswali manne. Maji ya moto yapo, na ni ya saa ngapi? Blanketi ni ngapi kwa kitanda? Mvua ikinyesha gari linafika mlangoni? Chakula cha jioni kinaagizwa saa ngapi? Hilo la mwisho usilidharau. Mlimani kuku wa jioni huanza safari yake mchana, na ukiagiza saa moja usiku utakula saa nne.

Hatua ya 6. Kata tiketi. Siku za kawaida, siku tatu kabla zinatosha. Juni shule zinapofunga, wiki moja. Desemba nimeshasema. Kutoka Dar es Salaam unapanda stendi ya Magufuli, Mbezi. Nenda na kitambulisho, hakikisha jina na tarehe kwenye tiketi kabla hujaondoka dirishani. Mwambie mkata tiketi "Lushoto moja kwa moja" au "nashuka Mombo". Ukikosea kituo, utajikuta Same.

Hatua ya 7. Andaa ada za msitu ukiwa bado na mtandao. Amani na Magamba ni misitu ya hifadhi, na ada zake hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki. Pesa taslimu mkononi haitakufungulia geti. Omba namba hiyo ukiwa Muheza au Lushoto mjini, ulipe, uhifadhi ujumbe. Raia wa Afrika Mashariki hulipa pungufu ya mgeni wa mbali, mradi aonyeshe kitambulisho chake halisi. Picha ya kitambulisho kwenye simu inaweza kukataliwa.

Hatua ya 8. Siku moja kabla, piga simu tatu: kwa gesti, kwa dereva au mwongozaji, na kwa mtu yeyote aliyeko huko umwulize kama mvua imenyesha usiku.

Ukitokea Mombasa, njia yako ni Lunga Lunga na Horohoro, na Tanga iko mbele kidogo tu kwa lami. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na badilisha fedha kidogo ya kukufikisha mjini.

Mfano wa siku sita, mwisho wa Septemba

*Siku ya 1.* Panda basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Dar. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Chakula cha mchana kula kidogo, kwa sababu nitakazozieleza. Lala Lushoto.

*Siku ya 2.* Asubuhi sokoni. Saa tano msitu wa Magamba na mwongozaji. Jioni Irente.

*Siku ya 3.* Mtae kwa gari la kukodi, au pumzika. Wenye wazee wapumzike. Njia ina makorongo na kona ambazo mgongo wa mzee hautazisahau.

*Siku ya 4.* Shuka alfajiri, fika Tanga mchana, unganisha Pangani kabla jua halijazama.

*Siku ya 5.* Maziwe kama mwezi umeruhusu, la sivyo mtoni.

*Siku ya 6.* Rudi Tanga ukisimama Tongoni. Lala mjini au panda basi la mchana.

Kupanda mlima kutoka Mombo

Kilomita 33 za kutoka Mombo hadi Lushoto zinastahili maelezo ya peke yake, kwa kuwa hapo ndipo safari nyingi hutapikwa. Njia ni lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, mto ukiwa chini bondeni.

- Kaa mbele, tazama barabara. Usitazame simu.
- Tafuna tangawizi mbichi au nyonya limau kuanzia Mombo.
- Mpe mtoto mfuko kabla hajauomba.
- Ukiendesha mwenyewe, panda kwa gia ndogo na ushuke kwa gia ile ile uliyopandia. Ukishuka na breki peke yake, zitanuka kabla ya kufika Mombo.
- Piga honi kwenye kona usiyoona mbele. Magari ya mboga hushuka yamejaa kabichi na hayana nia ya kusimama.
- Usipande usiku kwa mara ya kwanza. Ukungu ukikushukia gizani utaendesha kwa kubahatisha.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Watu huja Lushoto na nguo za Dar. Kaptula na kandambili, Julai. Kisha wanalala na mapazia.

Wengine wanataka kuona "Tanga yote" siku tatu. Wanarudi na picha za madirisha ya basi.

Wengine hutoka na mtoto wa mtaani aliyejitolea kuwaongoza, hawakubaliani bei, na jioni hugombana naye mbele ya gesti. Kubaliana kabla, taja ni kwa mtu au kwa kundi, na kama chakula cha mwongozaji kimo. Mwongozaji aliyeandikishwa ni ghali kidogo, lakini mkipotea msituni utajua tofauti iko wapi.

Na wapo wanaofika vijijini wakaanza kupiga picha za akina mama shambani bila hata salamu. Msambaa ni mtu wa salamu ndefu. Simama, amkia wakubwa shikamoo, ulizia za nyumbani, kisha omba. Ukikataliwa, funga kamera. Pangani na Tanga ni miji ya Waislamu kwa sehemu kubwa: nguo ya kuogelea iishie ufukweni, na kanga au kikoi kiwe begani unapopita mitaani. Ramadhani, mama lishe wengi hufunga mchana, kwa hiyo beba chakula chako na ukile faragha.

Orodha ya begi

*Majira yote*
- kitambulisho halisi, na nakala yake mahali pengine
- dawa zako, za kuhara na za maumivu
- tochi na pawabenki (umeme hukatika)
- fedha taslimu za noti ndogo; Mtae hawana chenji ya elfu kumi
- chandarua au dawa ya mbu kwa Tanga, Muheza na Pangani

*Kiangazi:* kofia, chupa ya maji ya lita moja na nusu, nafasi tupu begini kwa ajili ya matunda.

*Masika:* gambuti, koti la mvua lenye kofia, mfuko usiopitisha maji wa kufungia simu, siku moja ya ziada.

*Kipupwe:* sweta mbili, soksi za sufu, kofia ya kuvuta masikioni kwa watoto.

*Vuli:* koti jepesi la mvua, viatu vya plastiki, mafuta ya jua, na tarehe za mwezi zilizoandikwa kwenye karatasi.

Kama umepanda kiangazi na unarudi na plamu, zinunue Soni siku ya kushuka, zikiwa ngumu bado. Ndoo iweke miguuni pako, usiipakie kwenye buti la basi chini ya mabegi ya watu. Nilifanya hivyo mwaka juzi, na begi la jirani lilifika Mbezi likinukia vizuri sana, ila yeye hakufurahi.